Kujitolea nje ya nchi: kabla hujatuma hela uliza kwanza nani anamlipa nani

Kila baada ya muda napata meseji ya namna hii: "nimepata nafasi ya kujitolea nje, wanasema malazi na chakula juu yao ila natakiwa nilipie kwanza, hivi hawa ni wa kweli au matapeli?" Na huwa sina jibu la neno moja, maana kuna mashirika ya kweli kabisa yanayotoza hela, kuna matapeli wanaosema kila kitu bure, na kuna wale wa katikati ambao wamesajiliwa, ofisi wanayo, risiti wanatoa, ila kazi wanayokupeleka kufanya inawaumiza haohao unaodhani unawasaidia. Yote hayo yanaitwa kujitolea, na hapo ndo watu wengi wanapopotea.

Mimi sikuhizi naanza na swali moja tu, nani anamlipa nani na analipia nini. Ukilifuatilia hilo mpaka mwisho wake mengi yanajipanga.

Tuchukue hesabu yenyewe. Mtu mmoja akienda nchi ya watu kujitolea miezi mitatu kuna nauli ya kwenda na kurudi, viza, chanjo, bima, pa kulala, chakula, afu kuna mtu wa kule ambaye anaacha kazi zake ili amwelekeze huyu mgeni asiyejua lugha na ambaye wiki ya kwanza hata taa inapowashiwa anaulizia. Gharama hizo hazipotei eti kwa sababu mtu amejitolea, lazima abebe mtu, iwe serikali fulani, iwe wafadhili wa shirika, iwe mwenyeji anayekupokea, au uwe wewe. Kwahiyo ukiambiwa bure uliza anayelipa ni nani na anapata nini, na ukiambiwa ulipe uliza hiyo hela inaenda kwa nani.

Tuanze na pale ambapo serikali au taasisi kubwa ndo inabeba, maana hapo ndo penye unafuu mkubwa na sifa nzuri kwa pamoja, na cha ajabu ndo pale watu wengi hawaangalii. Umoja wa Mataifa una programu yake ya wajitoleaji inaitwa UNV, ilianzishwa 1970, makao yake yako Bonn Ujerumani. Volontia wa UNV halipwi mshahara ila anapewa posho ya kujikimu kila mwezi, bima ya afya, na anayepelekwa nje ya nchi yake nauli analipiwa. Vijana wana kundi lao la miaka 18 hadi 26, wataalamu wanaanzia 27 na wanaenda mpaka watu wazima kabisa, kustaafu sio kikwazo. Kuomba ni bure, unajisajili kwenye tovuti yao wenyewe, unajaza wasifu wako, unaomba nafasi inayokufaa. Haupiti kwa wakala yeyote.

Shirika la VSO nao, walianza Uingereza 1958, wanatafuta watu wenye ujuzi hasa, walimu, wakunga, wahasibu, watu wa kilimo, na wanawabebea nauli, malazi na posho. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu 2010, ni kwa vijana wa miaka 18 hadi 35 na utumishi ni wa mwaka mmoja. Ulaya kuna European Solidarity Corps kwa vijana wa 18 hadi 30, wanakulipia nauli, malazi, chakula, bima na hela kidogo ya mfukoni, na shirika linalokupokea lazima liwe limekaguliwa na kupewa nembo ya ubora. Ila hapa soma vizuri, hii sio ya kila mtu duniani, inabidi uwe mkaazi wa nchi za Umoja wa Ulaya au nchi washirika zilizo kwenye orodha yao. Ujerumani wana mfumo unaitwa Bundesfreiwilligendienst ulioanza 2011 walipositisha utumishi wa lazima wa jeshi, mtu anafanya kazi hospitalini, kwa wazee, kwenye mazingira, anapewa hela ya mfukoni na bima analipiwa, na wageni wanapokelewa ilimradi wapate kibali cha ukaazi na lugha wawe wanaijua kiasi. Haohao Wajerumani wana weltwärts, ilianza 2008 kwa kupeleka vijana wao nje, afu 2013 wakafungua na upande wa pili, vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwenda Ujerumani.

Halafu kuna milango ambayo ni mizuri lakini inafunguka kwa pasipoti moja tu. Peace Corps ya Marekani, 1961, miezi 27 na kila kitu kinalipiwa, ila ni ya raia wa Marekani peke yao. Japani wana ya kwao tangu 1965 kwa Wajapani. Nayataja kwa sababu nimeona matangazo yakitumia majina kama haya kumwita kila mtu, na ukijua sharti la uraia unaokoa hela yako dakika hiyohiyo.

Sasa mbona kama nafasi za kulipiwa zipo watu bado wanalipa mawakala? Jibu ni muda. Nafasi hizi zina tarehe za mwisho, zina usaili, zinataka vyeti, zinataka uzoefu, unaweza ukaomba leo ukajibiwa baada ya miezi, na mara nyingi unakosa mara ya kwanza na ya pili. Wakala anakwambia jaza fomu leo, lipia kesho, mwezi ujao unaondoka. Kwa mtazamo wangu unafuu kwenye kujitolea mtu anaulipia kwa kusubiri, na asiyetaka kusubiri anaulipia kwa hela. Ukiwa na mwaka mzima mbele yako wa kujiandaa, ada kubwa ya wakala karibu kila mara unaweza kuikwepa.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda sana na watu hawaijui, kambi za kazi. Historia yake inagusa, mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Cérésole, alikusanya watu wachache wakaenda kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, kijiji kilichosagwa na vita, kukijenga upya, na kati yao walikuwepo Wajerumani, yani miaka miwili tu baada ya vita. Kutoka hapo likazaliwa shirika la Service Civil International ambalo mpaka leo linaendesha kambi za wiki mbili tatu sehemu nyingi duniani, na mwaka 1948 ikaundwa kamati ya kuratibu mashirika ya aina hii chini ya UNESCO, CCIVS, iko Paris. Utaratibu ni kwamba unalipa ada ya usajili kwa tawi la nchi yako na nauli juu yako, ukifika kulala na kula mara nyingi ni juu ya mwenyeji, mnakuwa kikundi cha watu kutoka nchi mbalimbali mnatengeneza njia za msituni, mnakarabati jengo la kijiji, mnasaidia tamasha, jikoni mnapika kwa zamu. Mwenyeji ndo kaomba kazi ifanyike. Kwa mtu ambaye hajawahi kutoka na hana mtaji mkubwa hii ndo ningemwambia aanze nayo, wiki tatu zinamtosha kujua kama anaweza maisha hayo kabla hajajifunga mwaka mzima.

Ndugu ya hiyo ni kufanya kazi kwa kubadilishana na malazi. WWOOF ilianzia Uingereza 1971, mwanamke anaitwa Sue Coppard alitaka tu watu wa mjini wapate wikiendi shambani, sasa imesambaa nchi kibao, unafanya kazi kwenye mashamba ya kilimo hai masaa manne mpaka sita kwa siku unapewa kitanda na chakula. Unalipa uanachama na mara nyingi kila nchi ina uanachama wake. Workaway nao ni mtindo huohuo ila kazi ni za kila aina. Hapa angalia mambo mawili, kwanza hawa wanakuunganisha tu, hawakusimamii, mwenyeji akibadilika tabia uko peke yako, kwahiyo soma maoni ya waliotangulia mpaka yale ya nyota mbili tatu, na uwe na nauli ya kuondokea usiku huohuo ikibidi. La pili ni viza na nitalirudia chini.

Sasa mashirika yanayotoza. Kutoza sio dhambi. Mercy Ships, wale wenye meli za hospitali tangu 1978, kwa miaka mingi walikuwa wanachangisha wafanyakazi wao wa kujitolea hela ya kila mwezi ya chakula na chumba, hata daktari bingwa aliyepasua watu bure alilipia kitanda chake, na hakuna aliyewaita matapeli maana walieleza wazi hela inafanya nini. Uwazi huo ndo wa kudai popote. Andika imeili fupi, sema naomba mchanganuo wa ada, kiasi gani kinabaki ofisini kwenu, kiasi gani kinaenda kwa familia itakayonipokea, kiasi gani kinaenda kwenye mradi wenyewe. Afu kaa uangalie majibu. Nimewahi kutuma imeili ya namna hiyo kwa mashirika mawili wiki moja. La kwanza walinijibu mistari mingi ya shukrani na picha za watoto wanacheka na mwishoni wakaniambia nafasi zimebaki chache niwahi. La pili lilinijibu baada ya siku nne, jedwali la mistari saba, nauli ya kutoka uwanja wa ndege, chakula kwa siku, mshahara wa mratibu wa kule, mpaka simu ya dharura, na chini waliniuliza maswali yao, nina ujuzi gani, kwanini nchi hiyo, nimewahi kufanya kazi na watoto au la, nitapata cheti cha polisi cha kuonyesha sina makosa kwa muda gani. Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi.

Na hilo la wao kukuuliza ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Shirika linalowajali wanaohudumiwa litakukagua wewe, litataka hati ya polisi, watu wawili wanaokujua, usaili, litakusomesha sera yao ya kulinda watoto na kukusainisha. Linalokupokea kwa kadi ya benki na saizi ya tisheti limeshakwambia mteja ni nani. Kukagua usajili nako kunawezekana ukiwa nyumbani, mashirika mengi ya hisani ya England na Wales yako kwenye daftari la Charity Commission mtandaoni na mahesabu ya mwaka ya yale makubwa unayasoma bure, mengi ya Marekani yanajaza fomu ya kodi namba 990 ambayo ni ya wazi kwa umma, unaona mapato, matumizi, mpaka mshahara wa mkurugenzi. Kampuni ya biashara haitakuwepo humo, na sio kosa kuwa kampuni, ila ijulikane ni kampuni, usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Matapeli wenyewe wana alama zao na hazibadiliki sana. Rafiki yangu alinitumia barua aliyopokea, ameshinda nafasi ya kujitolea Umoja wa Mataifa, nembo ya bluu juu, muhuri, saini ya wino, jina lake limeandikwa sawasawa. Nikamwambia fungua ile sehemu ya mtumaji, usisome jina, soma anwani yenyewe. Ilikuwa anwani ya bure ambayo mtu yeyote anaifungua kwa dakika mbili, haikuishia na un.org wala unv.org. Ukurasa wa pili mstari wa chini walitaka alipie "bima itakayorudishwa ukifika", kwa akaunti yenye jina la mtu, ndani ya saa 48. Umoja wa Mataifa umeandika wazi kwamba hautozi hela hatua yoyote ya kuajiri, sio maombi, sio usaili, sio mafunzo, kwahiyo hapo hakuna cha kujadili. Alikuwa hajatuma, nashukuru, ila pasipoti yake alishaiskani akawatumia na hilo lilimsumbua kwa muda. Nakala ya pasipoti usiitume kwa mtu ambaye hujamthibitisha hata kama hakuombi shilingi.

Nisipouzungumzia upande wa watoto nitakuwa sijafanya kitu, maana hapa ndo nia njema ya watu inatumika vibaya kuliko popote. Tangazo la kujitolea kituo cha yatima ndo rahisi kuliko yote kulipata, halitaki ujuzi, wiki mbili zinatosha, mara nyingine bei yake ni ndogo kweli. Lakini Save the Children walitoa ripoti 2009 kwamba watoto angalau wanne kati ya watano walioko kwenye vituo wana mzazi mmoja au wote wawili wako hai. Kambodia kati ya 2005 na 2010 vituo viliongezeka kwa asilimia 75, na wala yatima hawakuwa wameongezeka hivyo, kilichoongezeka ni wageni wenye hela na moyo wa huruma. Inavyofanya kazi ni hivi, mgeni analipa ili akae na yatima, kituo kinahitaji yatima ili mgeni aje, mtu anatumwa vijijini kwa familia maskini, anawaambia tutamsomesha mwanenu, mtoto anachukuliwa. Watoto wakionekana wako vizuri sana mchango unapungua, kwahiyo kuna vituo vinawaacha watoto na nguo chakavu makusudi. Australia mwaka 2018 walipotunga sheria ya utumwa wa kisasa waliutambua usafirishaji wa watoto kwenda vituoni kuwa sehemu ya utumwa huo, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata likazungumzia madhara ya wageni kujitolea kwenye vituo hivyo.

Na hata kituo kikiwa cha watu waaminifu fikiria mtoto wa miaka mitatu. Leo kazoea mgeni huyu, anambeba, anamlisha, anamwimbia, baada ya wiki mbili mgeni kaondoka na analia uwanja wa ndege kweli, kesho anakuja mwingine. Mwaka mmoja mtoto ameachwa mara ishirini na ngapi huko. Ule wepesi wake wa kumkimbilia kila mgeni na kung'ang'ania mguu ambao watu wanaupiga picha, wataalamu wa watoto wanauona ni jeraha. Kama unapenda kusaidia watoto tafuta shirika linalozisaidia familia zibaki na watoto wao, ufanye kazi nyuma, mahesabu, mafunzo kwa walimu, kutafuta fedha. Utakaa na watoto kidogo sana au usikae nao kabisa, na ndo inavyotakiwa.

Wanyama nako kuna la kwake. Afrika Kusini kuna mashamba yanayofuga simba, volontia analipa ili awanyweshe watoto wa simba maziwa ya chupa na anaambiwa mama zao waliwakataa. Ukweli ni kwamba wametolewa kwa mama mapema ili mama azae tena haraka. Wakikua kidogo watalii wanatembea nao, wakikua zaidi wapo wanaouzwa kwa wawindaji, wanapigwa risasi ndani ya uzio na wala hawamkimbii binadamu maana binadamu ndo aliwalea, msituni nao hawawezi kurudi tena. Mradi wa kweli wa wanyamapori mara nyingi hautakuruhusu kumgusa mnyama, utahesabu nyayo, utang'oa mimea vamizi, utajaza takwimu kwenye karatasi.

Ujenzi na hospitali nitasema kwa ufupi. Kama huwezi kupewa kazi hiyo nyumbani kwenu kwa kukosa ujuzi, mgonjwa wa nchi nyingine hajawa wa kujifunzia, na ukuta uliojengwa na mtu asiyejua kushika mwiko kuna fundi wa palepale angeujenga akalipwa.

Turudi kwenye viza kama nilivyosema. Watu wanaambiwa "ingia na viza ya utalii hakuna atakayekuuliza" na hiyo ni kauli ya mtu ambaye sio yeye atakayerudishwa na ndege. Nchi nyingi zinahesabu kujitolea kuwa kazi, hasa pale unapopewa chakula na kitanda kama malipo, kwahiyo hata yale mashamba ya kilimo hai yanaweza kukuletea shida mpakani. Uingereza kwa mfano mgeni wa kawaida anaruhusiwa kujitolea siku zisizozidi 30 kwa shirika la hisani lililosajiliwa, zaidi ya hapo kuna viza ya wafanyakazi wa mashirika ya hisani, inaenda mpaka miezi 12, na shirika lenyewe lazima liwe na leseni ya kukudhamini. Orodha ya wenye leseni serikali inaiweka mtandaoni. Kwahiyo mtu akikwambia anakudhamini kwenda huko, tafuta jina humo kabla hujamjibu. Kwa nchi yoyote nyingine soma tovuti ya uhamiaji au ya ubalozi wake wewe mwenyewe, sio skrinishoti uliyotumiwa.

Gharama zinazosahaulika ni zilezile, bima inayolipa mpaka kukurudisha nyumbani ukiugua vibaya, tiketi ya kurudi, na chanjo. Ya homa ya manjano habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti chake kinadumu maisha yote, cha zamani kilichoandikwa miaka kumi bado kiko halali, wala usikubali kuuziwa kingine.

Na kwa anayesoma hapa huku hana nauli wala pasipoti, wiki hii hii unaweza kuanza. UNV wana nafasi za mtandaoni, hazizidi saa 20 kwa wiki na wiki 12, unaandika, unatafsiri, unachora, unatengeneza tovuti kwa shirika lililo bara jingine. Translators Without Borders wanatafuta watafsiri na Kiswahili kinahitajika. Missing Maps iliyoanza 2014, Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka wakiwemo, wanakupa picha ya satelaiti ya sehemu ambayo haimo kwenye ramani, unafungua kompyuta, unavuta karibu, unaona paa dogo la mraba, unalizungushia mstari kona nne, unaenda la pili, la tatu, njia ya miguu, na ugonjwa ukilipuka pale au mafuriko yakija wanaoenda kuokoa wanajua nyumba ziko ngapi na ziko wapi. Saa hizo zinahesabika, na ukija kuomba nafasi ya kulipiwa baadae utakuwa na cha kuandika pale wanapouliza umewahi kujitolea wapi.